Bati Moja kwa Kila Mzigo

Watiri hakuingia katika nyumba yoyote kabla ya kuvua viatu na kuvigonganisha, soli kwa soli, ili udongo uanguke nje. Alifanya hivyo hata wakati wa kiangazi, viatu vikiwa safi. Alifanya hivyo pia mlangoni pa darasa langu la ushonaji mjini Nyeri, ambako sakafu ni ya simiti na hakuna anayejali.

"Wewe unabisha hodi na viatu," wenzake walimtania, wakimpita mlangoni.

Aliingia na soksi zake, akaketi kwenye cherehani ya dirishani.

Alitoka Timau, ambako mama yake alikuwa kibarua katika shamba la maua, na aliyemlea hasa ni nyanya yake. Alijiunga na klabu ya mbio ya chuo kwa sababu ambayo hakumficha mtu: alitaka kupunguza mwili. Kila Jumamosi wanafunzi hao walikwenda Wamagana, wakakimbia kwenye vilima vya majani chai huku wakiwapelekea wazee wanaoishi peke yao unga, maji na kuni. Mimi nilikuwa mwalimu mlezi wa klabu. Niliwangojea juu, kwenye barabara, nikiwa nimebeba majaketi yao.

Unga ulibebeka kwa mikoba ya mgongoni. Kuni zilikuwa taabu. Siku moja Watiri aliazima mkanda wa ngozi kwa mama mmoja wa kijijini, akafunga mzigo wa kuni mgongoni, akapitisha mkanda kwenye paji la uso kama alivyofunzwa na nyanya yake, akainama na kupanda mbio. Wenzake walimpiga video. Wiki hiyo hiyo video ikamfikia Bwana Wambugu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kerugoya, naye akatoa ahadi mbele ya kanisa zima la kijijini: kwa kila mzigo ambao msichana yule atapandisha kwa mkanda, mbio, bila kupumzika, yeye atatoa bati moja kwa nyumba ya Shosho Ngendo, bibi kizee mmoja wa wale waliopelekewa kuni, aliyekuwa akivujiwa kila mvua iliponyesha.

Huku kwetu ahadi iliyotamkwa mbele ya watu huhesabiwa kama jambo lililokwisha kutendeka. Moffat, mwenyekiti wa klabu, aliwakusanya wanafunzi na majirani, wakaibomoa nyumba kuukuu ya Shosho asubuhi moja, wakiimba. Hakuna bati hata moja lililokuwa limefika. Shosho akahamia jikoni, akalala na mbuzi wake.

Hapo ndipo Watiri alipofungwa na ahadi ile, ingawa siku ile alicheka na kuimba kama wengine.

Kilima kile ni kirefu, na duka halikutoa bati kabla ya kuona video. Masika yalipoanza, njia iligeuka utelezi. Kufikia Pasaka mwili wake ulikuwa umepungua kuliko alivyotaka, na kwenye paji la uso alikuwa na mfereji wa mkanda uliobaki hata Jumatatu. Kisha nikamwona darasani akishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Alijaribu, akajaribu tena, halafu akaiweka sindano chini taratibu.

"Vidole vimelala," aliniambia. "Hivi viwili. Vinalala tu."

Nilimpeleka kliniki. Daktari akasema mshipa wa fahamu umebanwa shingoni, aache mzigo kabisa, la sivyo mkono ule hautashona tena. Na Watiri hakuwa na kazi nyingine aliyoitarajia duniani ila kushona.

Nikamwita Moffat. Hakuwa kijana mbaya. Alisikiliza, akakuna kidevu.

"Mwalimu, si tumpe mtu mwingine mkanda? Kasyoki yuko na nguvu."

Kasyoki, mtoto wa polisi aliyehamishiwa huku kutoka Machakos, alijaribu kweli. Mkanda ulimteleza ukamziba macho, na wazee waliokuwa wamekaa kando ya duka la kijijini wakamshangilia kwa kejeli.

"Mwanamume na mkanda! Huyu ataolewa lini?"

"Mkiwa na ng'ombe wa kutosha, mniambie," Kasyoki akasema, lakini hakuurudia. Wasichana nao walisema mkanda ni wa mashosho, na utawang'oa nywele walizosukwa. Bwana Wambugu aliposikia, akapiga simu: ahadi yake ilikuwa kwa yule msichana.

Watiri akaendelea. Nilipomkanya, alinitazama kwa upole.

"Shosho analala na mbuzi, mwalimu. Mimi nilikuwa hapo tukibomoa."

Nyumba iliezekwa mwezi wa sita. Kulikuwa na pilau na mahubiri. Shosho Ngendo alimtemea mate kifuani kwa baraka, akamwambia asichoke kamwe. Nilimwona Watiri akipumua kama mtu aliyetua kitu. Ndipo Moffat akasimama na kutangaza kwamba Bwana Wambugu amefurahi mno, ameongeza ahadi ya nyumba ya pili, ya mjane aliye ng'ambo ya mto, na kwamba vijana, kwa moyo wa kujitolea, wameshaibomoa jana.

Watu wakapiga makofi. Watiri naye akapiga makofi, mkono mmoja ukiwa mlegevu.

"Sema hapana," nilimnong'oneza.

"Nimwambie nani? Nyumba imeshaanguka."

Mwezi huo nilihamishiwa chuo kimoja cha Kerugoya, na Jumamosi yangu ya mwisho nilishuka naye mpaka chini ya kilima badala ya kungojea juu. Tangu siku hiyo sijamwona, na simu yake haishikwi. Siku ile kulikuwa na manyunyu. Wenzake walikuwa wameshatangulia, simu mkononi, wakitafuta pa kusimama wapate picha nzuri. Aliuweka mzigo sawa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umening'inia. Mimi nilikuwa na makasi yangu ya darasani ndani ya mkoba. Nikayatoa, nikaushika mkanda karibu na sikio lake.

Hakunizuia. Kichwa kikiwa kimeinama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Usijisumbue, mwalimu. Wako na mkanda mwingine kwa gari."