Msichana Aliyefunikwa Kitenge

Kabla ya kujibu swali lolote, Liévin alilirudia kwanza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonja mchuzi. Hakuiacha tabia hiyo tangu utoto, na wachumba wawili walikuwa wameshaikimbia. Bénie, mshonaji ambaye Liévin alimtengenezea cherehani, ndiye wa kwanza kuicheka bila dharau. Papo hapo Liévin akamwambia mishono yake imepinda, naye Bénie akacheka zaidi.

Kwa hiyo Constance, dada mkubwa aliyemlea, aliiona siku ya posa kuwa nafasi ya mwisho. Mdogo wake alikuwa na miaka thelathini na tisa. Wiki nzima alimfundisha: wape wazee mkono, usiseme chakula kimezidi chumvi, usizibe masikio wanawake wakipiga vigelegele. Alifikiria kila kitu, isipokuwa mchezo ambao Lubumbashi nzima inaujua.

Shangazi wa Bénie alileta msichana aliyefunikwa kitenge mwili mzima.

"Bofrere, shemeji yetu, bibi yako njo huyu. Mutwale!"

Liévin alitazama jinsi msichana alivyosimama. "Huyu si Bénie."

"Bénie amekatala! Twala huyu, iko munene, anajua kupika!"

Sebule ikalipuka kwa vicheko. Kwa desturi angepaswa kutaniana na shangazi, aletewe msichana wa pili, wa tatu, mwisho Bénie mwenyewe. Lakini Liévin aliinuka, akawapa wazee mkono mmoja mmoja kama alivyofundishwa, akatoka.

Constance alimkuta barabarani, ameziba masikio.

"Ni mchezo, Liévin! Bénie iko mu chumba, anakungoja!"

"Shangazi yake alisema amekatala."

"Alisema tu, bantu bacheke."

"Bantu bacheke," alirudia polepole. "Yaya, dada yangu, ulijua?"

"Kila muntu anajua." Constance alitamani kuyameza maneno hayo.

Baba yake Bénie alikuwa ametokea mlangoni, koti amelifunga vifungo vyote. "Mama, mutoto wangu hakuachwa hata siku moja. Kama harudi sasa, mubebe vitu vyenu vya posa."

Constance alipiga magoti vumbini na kitenge chake kipya. "Mudogo wangu, rudi. Nakuomba."

Liévin hakumtazama.

"Kama Bénie ananitaka, atoke, aniambie yeye mwenyewe. Wewe usiniambie tena, Yaya. Sijui maneno yako gani yalikuwa ya kweli."