Siku Nilipoifundisha Kwaya Kiingereza cha Singapore

Kuna akina mama hapa Minneapolis, Marekani, hata jina langu hawalijui, lakini wanajua mimi ndiye yule aliyefanya mgeni wa heshima, aliyeruka nusu ya dunia, atukanwe mlangoni kwa wimbo na vigelegele. Aibu nimeshazizoea, kwa hivyo acheni niwasimulie mwenyewe, maana huko nje mkasa umetiwa chumvi (na wenyewe ulikuwa na chumvi ya kutosha).

Dadangu mdogo, Wanja, alipata mchumba, kijana mpole wa Singapore anayeitwa Jun. Mambo yalipoiva, Jun akatuambia mamake anakuja kutuona. Wazazi wetu wako Kenya, kwa hivyo mimi ndiye mama, ndiye baba, ndiye kamati nzima, nikasema mgeni atakula kwangu, Fridley, na akina mama wa kwaya yetu watampokea kwa wimbo vile tunavyopokea wakwe nyumbani.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu wa heshima zake. Shida ni kwamba nilikuwa nimemsikia Jun akiongea na mamake kwa simu, ni Kiingereza ndiyo, lakini kila sentensi inaishia na "lah", na katikati kuna maneno ambayo sijawahi kuyasikia popote. Wanja akaniambia hiyo inaitwa Singlish, ni kama Sheng yao, wamechanganya Kiingereza na Kichina na Kimalei. Mimi nikajiambia, kwani ni nini? Nikaanza kujifunza kwa video fupi za simu wakati wa chai kazini (ninatunza wazee, na kwenye kile chumba chetu cha chai hakuna kupigia watu kelele, kwa hivyo nilikuwa natazama bila sauti, nasoma maandishi na kuangalia nyuso za watu). Basi nikaona video ya marafiki wawili wanakutana, mmoja anamwambia mwenzake kitu, mwenzake anampiga bega, "Siao ah!", wanacheka wanakumbatiana. Nikaona nyingine, hivyo hivyo. Nikasema, haya, hiyo ni salamu, tena salamu ya watu wanaopendana, si hata inafanana na ile "ciao" ya Waitaliano?

Sikumuuliza Jun. Nilitaka iwe sapraizi, nikaifundisha kwaya waiitikie kwenye wimbo.

Siku yenyewe theluji ilikuwa imeganda njia nzima, Jun akamshusha mamake mlangoni asije akateleza, yeye na Wanja wakaenda kutafuta mahali pa kuegesha gari. Mlango ukafunguliwa, mama mdogo wa mwili amemezwa na koti la mwanawe, na sisi tukaanza. Mimi ndiye mwanzishaji.

"Ni nani huyu?"

"Siao!"

"Mamake Jun?"

"Siao!"

"Ametoka mbali?"

"Siao, siao, siao!"

Yule mama akarudi nyuma hatua moja, mkono kifuani. Tukadhani ameguswa moyo, tukaongeza sauti.

"Mimi?" akauliza kwa Kiingereza.

"Wewe!" nikamjibu, namwonyesha kwa mikono yote miwili, mabega yanacheza. "Siao!"

Akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kochi, koti hakulivua.

Jun na Wanja hawaonekani (gari lilikuwa limezama kwenye theluji mtaa wa pili, wanasukuma), na chakula kinapoa, nikasema tumwandalie mgeni. Aliyekuwa akipakua ni Mama Tabitha, mtu wa Mombasa, na Kiswahili chake ni kile cha pwani, kwake "la" ni hapana. Akamuuliza kwa upole kama amtilie pilau.

"OK lah," akasema mgeni.

"Amesema la, tena kwa adabu," Mama Tabitha akatuambia, akapita na sinia. Akarudi na sambusa.

"Can, can lah."

"La tena."

Mbuzi wa kuchoma vilevile. "Jamani, tusimlazimishe mtu," akasema Mama Tabitha, na mimi, ile "lah" ya kwenye simu imenitoka kabisa kichwani, nikaanza kununa kimoyomoyo, kumbe huyu anajivuna, chakula chetu hakimfai. Mgeni akabaki na nusu chapati na glasi ya maji alivyowekewa mwanzo bila kuulizwa, macho yanamfuata mbuzi hadi jikoni.

Jun alipoingia, suruali imelowa hadi magotini, mamake akamwambia maneno haraka haraka. Jun akanigeukia.

"Dada, mliimba nini?"

Nikamwimbia! Tena na mabega. Nikaona uso wake unapoteza rangi.

"Siao maana yake ni kichaa," akasema.

"Kichaa nani?"

"Kichaa. Mwendawazimu. Na kwa nini mmemnyima chakula?"

"Amekataa mwenyewe! Kila kitu la!"

Jun akashika kichwa. Akatueleza kwamba "lah" haikatai kitu, ni ya kulainisha maneno, kama sisi tunavyosema "sawa bwana". Mama alikuwa anakubali kila sahani. Wanja akaniangalia machozi yanamlengalenga, akaniambia polepole, "Umeniharibia, dada." Hilo ndilo lililonikata maini.

Nikaenda nikapiga magoti mbele ya yule mama, nikamweleza kila kitu kwa Kiingereza changu cha kawaida, video, salamu, sapraizi. Akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo hawa wote walidhani wananisalimia?"

"Ndiyo, mama."

Akaitazama kwaya, akina mama wazima na vitenge vyao vya sare, kila mmoja anachunguza zulia. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikajua analia. Kumbe anacheka, anacheka hadi anamshika Jun asianguke.

"Pale mlangoni niliogopa," akasema akijifuta macho. "Nikajiuliza, wamejuaje? Mtu mwenye akili ataacha joto la kwetu aje kwenye barafu hii kumwona msichana?"

Akavua koti. Mama Tabitha akampakulia hadi sahani ikalemewa, na kwa mbuzi akafumba macho akasema "Shiok!", yaani utamu unaoingia hadi mwilini (hiyo niliuliza kwanza).

Tangu siku hiyo nimeapa, neno la watu silitamki kabla mwenye lugha hajalipitisha. Harusi itafanyika Singapore, na juzi Mama Jun ameniambia kwamba shangazi zake Jun wanajifunza Kiswahili kwa video ili watupokee mlangoni. Nimemwambia Wanja, lolote watakalotuita, mimi nitapiga vigelegele niingie ndani.