Nilimsingizia Meri kwa Ugali Nilioula Mwenyewe

Admin, jina langu lifiche, na nyinyi wa kucheka chekeni mkimaliza kusoma. Mimi ni nyanya wa miaka hamsini na sita kutoka Kilifi. Shule niliachia darasa la nne, na haya naandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Nafanya kazi ya nyumba huku Jeddah, mtaa wa Aziziya, mwaka wa tano sasa. Nimejichukia hadi mate yangu nayaona machungu.

Nyumba hii ina bibi kizee, mamake bosi. Ndiye kazi yangu: kumwosha, kumlisha, kumpa dawa. Kabla yangu alikuweko msichana wa Kenya, Meri. Nilipofika, bibi hakutaka kujifunza jina jipya, akaniita Meri, na nyumba nzima ikafuata. Mimi, mama wa watu wazima, naitwa Meri! Na lau lingekuwa jina tu. "Meri wa kwanza alikuwa haunguzi wali." "Meri wa kwanza alijua kunikanda miguu." Nikikohoa, Meri wa kwanza alikuwa hakohoi. Miaka minne nashindana na mtu nisiyemjua hata sura, nikamchukia kama mke mwenza.

Mwezi uliopita tukaenda Riyadh kwa dadake madam, mke wa bosi, kulikuwa na harusi. Nani anafungua mlango? Meri mwenyewe! Kumbe alirudi Saudia akaajiriwa huko. Bibi kizee akamshika uso kwa mikono miwili, akalia. Kisha akanigeukia mimi niliyebeba dawa zake, akauliza, "Na huyu ni nani?"

Miaka minne namfuta mavi. Huyu ni nani!

Jikoni nikamnunia yule Meri. Yeye hana habari.

"Mama, kaa hapo, umechoka. Unajua hapa mimi naitwa Siti?"

"Siti ndiye nani?"

"Mwindonesia aliyekuweko kabla yangu. Siti alipiga pasi hivi, Siti alipika vile. Sijawahi kumwona, lakini siku nikimpata nitamzaba kofi!"

Tulicheka hadi tukashikana. Akaniuliza jina langu la kuzaliwa, akawa ananiita hilo. Akasonga ugali. Unga aliletewa na dereva wa nyumba ile, Mkenya mwenzetu, mtu mzima mwenye mke na watoto kwao Kakamega. Nikala, nikaongezwa, nikala tena.

Mngedhani roho ingetulia. Kesho yake nikasikia madam na dadake wakipanga: Meri arudi Jeddah kwa bibi, mimi halas, yaani basi, nirudi kwetu. Sikumtafuta Meri tuongee kama watu. Nilimwendea madam, nikamwambia, "Huyo Meri ana mambo na dereva. Mwanamume gani atamletea mwanamke unga bure?" Nilisema hivyo na ule ugali bado uko tumboni. Hata paka hufukia uchafu wake. Mimi wangu niliuweka mezani watu waule.

Siku hiyohiyo dereva akafukuzwa, Meri akafungiwa chumbani na simu akanyang'anywa. Madam akanisifu mbele ya watu kwamba mimi ni mwaminifu. Nikaitikia "ndiyo madam", nikainamisha kichwa kama mcha Mungu. Mwanamke mzima!

Sasa tuko Jeddah. Jana Meri alirudishiwa simu kidogo ajulishe kwao, akanitumia sauti: "Mama, Jumapili wananirudisha Kenya. Wamesema nina mwanamume, hata mume wangu ameambiwa, amesema nisikanyage kwake. Sijui nani amenichomea. Lakini wewe ulikuweko, ule unga tulikula pamoja. Waambie, mama. Madam wako anakuamini."

Nikisema kweli, ninafukuzwa mimi, na nina wajukuu watatu nilioachiwa na marehemu binti yangu, hawana mwingine. Nikinyamaza, mwana wa watu anarudi bila kazi na bila ndoa, kwa mdomo wangu huu. Msiniletee habari za "mama, omba tu". Kuomba najua, na nilikuwa nimetoka kuomba nilipomsingizia. Wala msinipe pole. Pole mpeni yeye.

Sauti yake nimeisikiliza mara sita. Alama za ujumbe zimegeuka buluu, anajua nimemsikia, na anangoja. Niambieni leo, si kesho: nimjibu nini?