Kitambaa Cheupe Chini ya Bomba

Etelvina Challapa aliolewa Santa Casilda, katikati ya jangwa la Atacama, akawaokea mikate wachimba shura, ile chumvi ya kutengenezea mbolea na baruti, mpaka machimbo yakafungwa. Watu wakapanda treni wakaenda zao. Yeye akabaki, na wala si kwa kupenda! Mumewe Onofre, aliyezibwa masikio na baruti na sasa amekamatwa na usahaulifu wa uzee, aligoma katakata kuondoka. Kila asubuhi alibeba sururu akaenda kwenye kazi isiyokuwepo. Binti yao aliyeko bandarini aliwaita mpaka akachoka.

Ndipo walipofika watu wa vyuma chakavu kuliangusha kwa baruti lile bomba kubwa la moshi la machimbo.

"Mama, mzee umemfungia?" aliuliza msimamizi wao, Baltazar.

"Kwani ni mbuzi? Nimemwambia akae, na amesikia."

"Amesikia kwa masikio yapi?"

Vijana wake wa kazi wakaangua kicheko. Etelvina akasonya. Alipogeuka kutazama nyumbani, kiti cha mlangoni kilikuwa kitupu.

Sasa, kuna mpumbavu mmoja alikuwa amefunga kitambaa cheupe kwenye nguzo chini ya bomba, kuonyesha upande litakakoangukia. Mpumbavu, nasema tena! Huko kwao kitambaa cheupe kikining'inia, mkate umetoka tanurini, na hilo hata mtoto anayenyonya analijua. Onofre alikuwa anakwenda kununua mkate, mfuko begani, taratibu kama bwana harusi.

"Zimeni!" Etelvina akapiga ukelele.

"Utambi umeshashika, mama! Hakuna wa kuufikia!"

Baltazar akamkamata kiuno asikimbilie kule. Kumwita mzee kulikuwa kazi bure. Etelvina akamng'ata mkono, akachomoka, akavua aproni yake nyeupe, akaifunga kwenye mpini wa koleo la vijana na kukwea kilima cha kifusi kilichokuwa ubavuni mwa njia ya mumewe. Akaipunga kwa nguvu zake zote.

"Huku, Onofre! Huku, mzee mkaidi wee!"

Onofre akasimama. Akatazama kitambaa cha kule, akatazama cha huku. Lahaula! Mauti yako mbele yake, mzee wa watu anachagua duka. Baltazar akafumba macho.

Mwishowe mzee akakata kona, akaanza kupanda kifusi. Etelvina akamvuta mkono, akamwangusha chini, akamlalia. Ardhi ikaruka. Vumbi likawafunika.

Lilipotulia, Onofre aliinuka akikohoa, akatazama mahali palipokuwa na bomba. Akatazama muda mrefu.

"Wameliangusha," alisema. "Kumbe machimbo yamefungwa?"

Etelvina akatikisa kichwa kukubali.

"Tangu lini?"

Akamwonyesha kwa mkono: zamani, zamani sana.

"Na wewe ulijua? Mbona hukuniambia, mke wangu?"

Etelvina alikuwa amemwambia kila asubuhi ya Mungu. Akamsogelea sikioni, akapaza sauti.

"Niliona haya kukuambia, Onofre. Nisamehe."

Akaketi naye pale vumbini, akalia mbele ya vijana wote.