Mwaka wa Korona na Uwele wa Mama Mkwe

Siku ninayoikumbuka zaidi, mwanangu, ni ile mume wangu aliposhindwa kufunga suruali yake ya kanisani. Ulikuwa mwaka wa korona, hapa hapa Hombolo. Kifungo kilikatika kikaingia chini ya kitanda, tukacheka sana. Lakini alipoinuka kutoka kukiokota alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima, na kicheko kikaniishia.

Mume wangu, Baba Eliya, alikuwa mlinzi wa hoteli mjini Dodoma. Wageni walipoacha kuja, tajiri yake aliwarudisha wafanyakazi makwao mpaka hali itulie. Mtu aliyezoea kusimama na kuzunguka sasa akawa wa kukaa barazani na redio yake, anasikiliza habari za vifo. Shule nazo zilikuwa zimefungwa, watoto wote wapo, jiko halipoi. Asubuhi chai na maandazi, saa nne chai tena, mchana ugali wa sembe, jioni wali. Wewe umeolewa juzi tu, lakini nadhani umeshaona: mume akiwa na hofu, unamwongezea chakula. Wapo waliokonda mwaka ule kwa kukosa vibarua vya mashamba ya zabibu. Sisi tulikuwa na akiba kidogo, tukanenepa.

Zahanati walimpima presha, wakamwambia bila kumficha kwamba asipopunguza uzito hafiki mbali. Alirudi, akaomba chai.

Mama yake, mama mkwe wangu Debora, alikuwa akiishi nyumba ya pili. Habari zikamfikia siku hiyo hiyo. Kesho yake alfajiri tukamsikia anagonga mlango kwa fimbo ambayo hatukuwahi kumwona nayo.

"Yohana, miguu imenikatalia. Uwele unakomaa na ndege wameshaingia shambani. Nani atanisindikiza?"

"Shikamoo, Mama. Si uende na Eliya?"

"Marahaba. Eliya sikumzaa mimi. Twende."

Akaenda huku ananung'unika. Shamba liko ng'ambo ya korongo, mbali kweli. Siku ya kwanza aliketi njiani akitweta, na mama yake akakaa kando yake akisema ni yeye ndiye aliyechoka. Walipofika akamweka upande mmoja wa shamba, naye akashika upande wa pili. Kundi la ndege likitua tu, anapaza sauti: "Yohana! Wako kwako huko!" Basi mtu mzima anakimbia na kopo lake analigonga. Mchana walikula ugali wa uwele na mboga ya mlenda. Baba Eliya akalalamika kwamba hicho ni chakula cha mwaka wa njaa.

"Ndicho kilichokukuza," mama akamwambia. "Kula."

Wakaendelea hivyo mpaka mavuno. Nami nikaacha kukaanga maandazi kila siku, maana mlaji mkuu hayupo. Taratibu uso wa mume wangu ukarudi kuwa ule nilioolewa nao, na usingizi wake ukawa mtulivu.

Jioni tuliyomaliza kupura, mbuzi wa jirani aliingia kwenye uwele ulioanikwa. Mama mkwe akatupa fimbo chini, akamfukuza mbio mpaka nyuma ya zizi. Tukabaki vinywa wazi.

"Mama," mume wangu akauliza, "kumbe miguu haikuumi?"

"Ilikuwa inaniuma nikikuona umekaa."

Baba Eliya alicheka, kisha akageukia pembeni akafuta macho.

Mwaka jana mama mkwe alitutoka, katika uzee mwema. Mwanawe alishika jeneza tangu nyumbani hadi makaburini na hakukubali kupokewa. Nilitembea nyuma yake nikilia na kushukuru kwa pamoja, maana kidogo tu ingekuwa mama ndiye anayemzika mwana.

Kwa hiyo, mwanangu, usikionee haya chakula cha kwenu; uwele na mlenda vimekuza watu wenye nguvu. Umpendaye akishikwa na hofu, usiishie kumjazia sahani. Mtoe nje, mtembee, mshike kazi pamoja. Na ukiwa na mzee anayekusumbua kila alfajiri, mfuate bila kuuliza sana, na mshukuru angali anakusikia.

Mungu alitunze jiko lako. Watakaokula kwa mkono wako washibe, waamke na nguvu, na wazeeke wakikuita kwa jina jema.