Mchoro wa Pini Tano: Kasongo hadi Kabambare

Niliondoka Kasongo kwa sababu kaka yangu Ramazani alitaka kuitupa mashini ya kurekodia ya marehemu mama. Panya walikuwa wameitafuna adapta yake; plagi ya pini tano ilibaki na vipande vya nyaya visivyo na rangi. Mama alikuwa ameimba nyimbo za harusi kwenye mkanda wake mkubwa wa magurudumu, ambao hauingii katika radio yoyote ya leo.

"Nunua radio ya mupya, Zaina," Ramazani aliniambia. "Hii imeisha kufa."

"Radio mpya haina sauti ya mama," nikamjibu.

Mimi ni fundi radio. Najua waya mmoja ukikosewa, mashini inaungua. Nilichohitaji ni mchoro sahihi wa zile pini.

Asubuhi nilipanda pikipiki, mashini nimeifunga kwa kitenge mapajani. Palipokuwa na matope mengi dereva aliniomba nishuke, nami nikaivusha mashini kichwani.

Salamabila, mfanyabiashara mmoja anayechajia wachimbaji simu alikuwa na michoro mitatu ndani ya simu yake. Kila mmoja ulipeleka umeme kwenye pini tofauti.

"Chagua moja, mama," alisema. "Ufundi ni kujaribu."

"Jaribu na mashini yako."

Wachimbaji walicheka. Mmoja wao, mwenyeji wa Kabambare, hakucheka. "Kwetu kuko Mama Feza wa kwaya," aliniambia. "Iko na mashini kama hii, na inaimba."

Kabambare, Mama Feza alinipa kwanza ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, kisha akaitoa mashini yake. Ilikuwa ndugu wa mashini yangu.

"Adapta siwezi kukupa, kwaya inaitumia. Lakini uifungue, uangalie."

"Na ikiharibika?"

"Tutaimba na midomo tu. Tuliimba hivyo mbele ya mashini kufika."

Niliifungua. Nilipima pini moja moja, nikachora. Michoro yote mitatu ya Salamabila ilikuwa ya uongo: umeme unaingia kwenye pini ya tatu. Niliirudishia kifuniko, nikaichomeka kwenye mashini yangu. Sauti ya mama ilitoka nzito kama ya mwanamume, kisha ikajinyoosha. Mama Feza akaitikia kwa Kibangubangu, lugha ya wimbo ule, maneno yote. Nililia, sikujificha.

Wakati wa kurudi nilipita tena Salamabila, nikampa yule mfanyabiashara mchoro wangu.

"Unanipa bure?"

"Nakupa ili ufute ile mitatu."

Aliifuta nikiwa nimesimama palepale.

Kasongo nilitengeneza adapta mpya. Ramazani alisikiliza mkanda hadi mwisho, akaomba niurudishe mwanzo.

Safari ile ilinifunza kwamba vitu vingi huzikwa na watu ambao hawajavifungua. Kwa hiyo niliuchora ule mchoro kwa rangi ya mafuta kwenye mlango wa karakana yangu.

"Mafundi wengine watakuiga," Ramazani alinionya.

"Waige," nikamwambia, nikachovya tena brashi ili pini ya tatu ionekane toka barabarani.