Matanga ya Mfalme Guret, Azaiba

Saa tatu asubuhi, mtaa wa Azaiba, Maskati. Mwalimu Thani ameshamaliza uji wake, na Pelagia Kokushubira anamtia matone ya macho huku akimkemea asipepese. Akimaliza anafuta mikono kwenye khanga, anafungua daftari la bluu na kusoma kwa sauti: "Ukurasa wa tisa. Mfalme Guret."

"Wa tisa tu?" Mwalimu analalamika. "Miye nlidhani tumeshafika mbali."

"Mwalimu, huyo mfalme wako mwenyewe hana maneno mengi."

Kweli hana. Pelagia, mwenye miaka 41, mzaliwa wa Kamachumu mkoani Kagera, ameajiriwa kupika, kufua na kumtunza mzee huyu wa miaka 78, ambaye presha ya macho imemwachia mwanga kidogo tu. Mshahara wake ni riali 130 kwa mwezi. Kuandika habari za mfalme wa Wabritoni hakumo kwenye mkataba, lakini ndiyo kazi anayoisimulia akicheka.

Mwalimu Thani alizaliwa Unguja na kufundisha historia Maskati kwa miaka thelathini. Ujanani alisoma Glasgow. Jumapili moja alipelekwa kuona mwamba mkubwa kando ya Mto Clyde, mahali palipokuwa na ngome ya Wabritoni wa kaskazini, katika nchi ambayo leo ni Uskoti. Hapo ndipo alipopata habari za Guret. Kumbukumbu za kale za watawa wa Ireland zinamtaja mara moja, chini ya mwaka 658: kifo cha Guret, mfalme wa Alt Clut, yaani ngome ya mwamba huo. Kwa Kilatini ni maneno matano. Baba yake hajulikani, na vita vyake, kama alipigana, havijulikani.

"Mtu katawala, kala, kalala, pengine kaoa, halafu wakamwandika siku ya kufa, khalas," anasema Mwalimu. "Nna miaka hamsini namwonea huruma."

Huruma hiyo ilimwambukiza Pelagia, na Novemba iliyopita ikamtia aibu.

Mwezi huo Wakatoliki huandika majina ya marehemu wao ili waombewe kanisani. Pelagia aliandika jina la mama yake, Ma Leokadia, aliyefariki Juni. Karatasi ikabaki na nafasi. Akafikiri kidogo, akaongeza: Guret.

"Nilisema, huyu naye hana mtu," anaeleza. "Miaka yote hiyo, nani alimkumbuka?"

Padri alisoma majina yote, na wenzake wa jumuiya wakasikia. Pelagia kafiwa tena, tena kimyakimya! Ijumaa iliyofuata Jumana, binti wa Mwalimu, alifungua mlango akakuta watu saba wamebeba sufuria ya pilau, ndizi za nyama na doti mbili za khanga. Anjelina, anayefanya kazi saluni Al Amerat, aliingia akilia.

"Pole, dada yangu. Huyo Guret ni kaka yako?"

"Hapana."

"Amefariki lini?" akauliza Desderius, dereva wa gari la maji.

Pelagia anasema alitamani sakafu immeze. "Mwaka mia sita hamsini na nane."

Desderius akakaa kwenye zulia na kucheka mpaka akafuta machozi. Mwalimu hakucheka. Aliomba watu wakae, chakula kiliwe, akawasimulia habari za mwamba na ule mstari mmoja. Anjelina, aliyekuwa ameshaanza kulia, aliona heri amalizie.

"Lazima alikuwa na mama, huyo," alisema.

Maneno hayo yalimchoma Pelagia. Wageni walipoondoka, alimwonyesha Jumana simu yake, ujumbe wa kaka yake ambao hajawahi kuufuta: *Mama katutoka. Tunazika kesho mchana.* Pelagia alikosa ndege, wakamzika mama bila yeye.

"Niliyahesabu," anasema. "Maneno matano. Kama ya mfalme. Nikaogopa sana. Wajukuu wengine walikuwa wachanga, hawamjui. Nikifa na mimi, mama yangu atabaki hayo matano."

Jumana akamweleza baba yake. Kesho yake asubuhi Mwalimu alimtuma Pelagia dukani akanunue daftari la pili, jekundu, akaanza kumhoji kama mwanafunzi wa mtihani. Mama alilima nini? Alicheka vipi? Alimwogopa nani?

Ikajulikana kwamba Ma Leokadia alibishana na redio. Mtangazaji akisema bei ya kahawa imepanda, yeye hujibu kwa sauti kutoka jikoni: "Imepandia wapi?" Alichambua senene, wale panzi wa kuliwa, haraka kuliko mtu yeyote Kamachumu, na akicheka aliziba mdomo kwa khanga kwa sababu ya pengo.

Mengine ya utoto wake anayajua mtu mmoja tu, dada yake Yudita, mwenye miaka 84. Kila Ijumaa Pelagia humpigia simu kabla bibi hajachoka. Wiki mbili zilizopita Yudita alilazwa, na Pelagia hakula siku nzima. Ametoka sasa, na alipopokea simu alianzia palepale alipoishia.

Daftari jekundu limeshajaa kurasa sitini na tatu. Juni hii Pelagia ana likizo, na misa ya mwaka ya mama yake itakuwa Kamachumu. Anataka alisome lote mbele ya wajukuu.

Ukurasa wa kwanza tu ndio aliouacha mtupu, wa mwanzo wa habari. Mwalimu anamuuliza ataanza na nini, tarehe ya kufa?

"Aka! Naanza na alivyokuwa akiamka, alivyoipigia kelele redio," anasema Pelagia, akilifuta daftari kwa kiganja. "Kifo nitakiweka mwisho kabisa, Mwalimu. Kama nafasi itabaki."